NANI ATASEMA KWA NIABA YAKO UKISHINDWA KUSEMA?

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi ya kambi mbele ya wakazi, viongozi wa mitaa na wafanyakazi wa mashirika, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Imechapwa katika toleo hili la kumbukumbu kwa ombi la Kamati.



Kamati iliponiomba nizungumze leo juu ya afya, nilijibu kwamba mimi ni mwalimu, si daktari wala mwanasheria. Mwenyekiti akasema kuwa waganga wanatufundisha kila mara kunawa mikono na kulala ndani ya chandarua, lakini jambo analolitaka leo linahitaji daftari na kalamu, na hiyo ndiyo kazi yangu. Jambo lenyewe ni hili: siku utakapougua mpaka ushindwe kusema, ni nani atakayesema kwa niaba yako, na atasema nini?

Naona wazee wengine wameinamisha vichwa. Kwetu mtu hazungumzii ugonjwa mbaya akiwa mzima, wasije watu wakadhani anauita. Naomba mnivumilie. Sikuja kuita mabaya. Nimekuja kuzungumza juu ya amani katika nyumba zetu.

ZAMANI SWALI HILI LILIKUWA NA JIBU

Tulipokuwa kwetu, Baraka, Fizi, Ubwari na kwingineko, hakuna aliyehitaji kuandika. Mtu akizidiwa, ukoo ulikusanyika. Baba mkubwa alikuwapo, mjomba alikuwapo, kaka mkubwa aliitwa kutoka ziwani. Waliketi, wakashauriana, akasimama mmoja akasema: tumekubaliana hivi. Mganga alijua anaongea na nani.

Halafu tukavuka. Mwishoni mwa Januari 2018, vita vilipozuka tena upande wa Fizi, maelfu ya watu walipanda mitumbwi na maboti wakateremka katika ufukwe wa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac. Wengine boti zao ziliwapeleka Tanzania, upande wa Kigoma. Mtu hakuchagua, alipanda chombo chenye nafasi. Ndiyo maana leo kuna mama yuko hapa na mumewe yuko Tanzania, au kijana yuko hapa na baba mkubwa amebaki Ubwari, na simu hazishiki. Wenzetu waliovuka mto Rusizi mwaka 2025 wana habari hiyohiyo. Ukoo uliokuwa ukiketi kwa saa moja sasa umetawanyika katika nchi tatu.

Kila familia hapa ina karatasi ya familia, na tunaitunza kuliko nguo. Karatasi hiyo inaonyesha mkuu wa kaya na idadi ya watu, ili mgao utolewe kwa haki. Lakini haisemi ni nani aulizwe juu ya mwili wako ukiwa umelala bila fahamu. Mkuu wa kaya anaweza kuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Anaweza kuwa shemeji ambaye hamjasalimiana tangu mvua za mwaka jana. Anaweza kuwa wewe mwenyewe mgonjwa. Katika kaya hiyo ya mwisho, aulizwe nani?

RUMONGE INATUFUNDISHA

Wengi wetu, mguu wa kwanza tuliokanyaga nje ya nchi yetu tuliukanyaga Rumonge. Tunaukumbuka mji ule: harufu ya dagaa waliotandazwa juani, mawese, michikichi inayofuata barabara kuelekea Kigwena na Nyanza-Lac. Wenyeji walitupa maji. Baadaye nilielewa kwamba wengi walitupa kwa sababu nao walijua maana ya kukimbia.

Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza katika pwani hiyohiyo, Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji makubwa nchini. Watu wa pwani walikimbilia Tanzania, na wengine walivuka ziwa wakaja kwetu. Waliporudi baada ya miaka thelathini na zaidi, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, na Rumonge ikawa mojawapo ya sehemu zenye mashauri mengi.

Sisemi haya kwa siasa. Mkutano huu hauna siasa. Nasema kwa sababu ya somo moja. Mzazi aliyemwonyesha mwanawe mipaka kwa maneno, mbele ya shahidi, alimwachia cha kusimamia. Mzazi aliyefia uhamishoni akiwa kimya alimwachia mwanawe kazi ya kubahatisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa shamba, ambalo halihami, linaweza kugombaniwa miaka mingi namna hiyo, itakuwaje mgonjwa ambaye lazima aamuliwe leo kabla jua halijazama?

JAMBO NILILOLIONA

Kwa kuwa najua Kifaransa kidogo, huwa naitwa hospitali kutafsiri. Daktari anauliza kwa Kifaransa, muuguzi anasema Kirundi, mgonjwa anajibu Kiswahili au Kibembe. Siku moja niliitwa kwa mzee wa mtaa wetu mwenye ugonjwa wa kisukari. Mguu ulikuwa umeoza na sumu imeingia mwilini. Alikuwa hasikii wala hasemi. Daktari alitaka kuukata mguu siku ileile.

Mkewe alisema: kateni, aliniambia anataka kuishi awaone wajukuu. Mdogo wake akasema: hapana, aliniapia kwamba hatazikwa nusu. Sidhani kama yeyote kati yao alidanganya. Mzee alisema neno moja siku ya matumaini na neno jingine siku ya maumivu, na kila mmoja alishika lile alilolisikia. Daktari aliwasihi. Wakapelekwa watu kumtafuta kaka mkubwa kwa simu ng'ambo ya ziwa. Usiku ukapita, mchana ukapita. Alfajiri ya siku ya tatu mzee alifariki.

Sisemi kwamba kukatwa mguu kungemwokoa. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mpaka leo hakuna anayejua mzee alitaka nini, na mkewe na mdogo wake hawaketi mkeka mmoja. Yeye anaitwa aliyetaka kumkata mumewe, na mdogo wa marehemu anaitwa aliyemuua kaka yake. Watoto wanapita njia mbili tofauti kwenda kisimani. Maneno machache ya mzee mbele ya wote wawili, akiwa bado ameketi, yangetosha.

UGONJWA HAUPIGI HODI

Mtu atasema: nitazungumza nikianza kuumwa. Tuangalie magonjwa tunayoyajua. Kipindupindu, ambacho kimepiga mara nyingi katika pwani ya Rumonge, kinaweza kumuua mtu kwa saa chache asipotibiwa. Malaria ikipanda kichwani, mgonjwa anasema maneno yasiyoeleweka kisha ananyamaza. Kiharusi huondoa ulimi kwa dakika moja. Kifafa cha mimba humshika mama aliyekuwa akipika asubuhi. Na mvuvi anayeangukia injini ya boti hapewi nafasi ya kuaga.

Sisi watu wa ziwa tunalijua jambo hili katika kazi. Kabla boti haijatoka jioni kwenda kuvua dagaa, nahodha anajulikana, na kila mtu anajua akipatwa na jambo ni nani atakayeshika usukani. Hakuna wavuvi wanaoanza kuchagua nahodha mawimbi yakishapanda.

NCHI NYINGINE ZIMEFANYAJE

Msidhani jambo hili ni la wakimbizi au la watu maskini peke yao. Huko Marekani, katika jimbo la Missouri, msichana aitwaye Nancy Cruzan alipata ajali ya gari Januari 1983. Hakufa, lakini hakupata fahamu tena. Alilishwa kwa mpira miaka mingi. Wazazi wake walisema kwamba yeye mwenyewe asingetaka kuishi hivyo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi. Mwezi Juni 1990 Mahakama ilisema kuwa jimbo lina haki ya kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa ya mgonjwa. Nancy hakuwa ameandika kitu. Ilibidi watafutwe watu wengine waliomsikia akisema. Mwisho wa mwaka huo mpira uliondolewa akafariki, baada ya karibu miaka minane.

Mwaka huohuo wa 1990 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuzitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali zimweleze kila mgonjwa mtu mzima kwamba anaweza kuandika matakwa yake na kumtaja msemaji. Ndugu zetu waliohamishiwa huko hukutana na fomu hiyo hospitalini, na wengine huogopa wakidhani wanaandikiwa kufa. Sivyo. Hakuna anayelazimishwa kuijaza, wala hanyimwi matibabu kwa kutoijaza.

Ufaransa, sheria ya 2002 ilimpa mgonjwa ruhusa ya kumchagua mtu wa kuaminiwa, na sheria ya 2005 ikaongeza maagizo ya maandishi. Karibu zaidi, Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inasema kwamba mgonjwa asipoweza kutoa ridhaa, inaweza kutolewa na mtu aliyepewa idhini hiyo na mgonjwa kwa maandishi. Na madaktari wa dunia nzima, katika Azimio la Lisbon, walikubaliana kwamba mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye uamuzi juu ya mwili wake, na akiwa hana fahamu aulizwe mwakilishi wake halali. Asipopatikana mwakilishi na hali ni ya haraka, daktari aokoe maisha bila kungoja, isipokuwa kama inajulikana wazi kwamba mgonjwa alikwisha kukataa.

Wenyeji wetu Warundi nao wana bashingantahe, wazee wa kilima wanaosuluhisha ugomvi na kushuhudia makubaliano. Neno lililosemwa mbele yao si rahisi kulikana. Waislamu wanajua kwamba dini yao inahimiza wasia uandikwe mapema na uwe na mashahidi. Kwa hiyo tunachofanya ni kuchukua desturi tuliyo nayo katika mali na kuipeleka katika afya.

NI NANI WA KUMCHAGUA

Nitamwita msemaji wa mgonjwa. Mtu mzima yeyote anaweza kuwa msemaji wako. Si lazima awe ndugu wa damu. Wahenga walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na hapa kambini tumeliona hilo kwa macho. Mjane anaweza kumchagua mama jirani yake. Angalieni mambo haya:

Kwanza, awe karibu. Ndugu aliye ng'ambo ya ziwa ashauriwe akipatikana, lakini gari la wagonjwa halimngojei.

Pili, awe mtu anayeweza kusimama mbele ya daktari akauliza bila kutetemeka na bila kutukana. Maswali ni manne: ana ugonjwa gani? Mnataka kufanya nini? Kuna faida gani na hatari gani? Tusipofanya itakuwaje?

Tatu, ajue kutunza siri. Atasikia habari za damu yako na za nyumba yako.

Nne, akubali. Usimtaje mtu bila kumwambia. Mwite, mketi, umweleze, umsikie akisema: nimekubali.

Tano, asiwe muuguzi anayekutibu, wala mtu atakayenufaika ukifa.

Sita, mtaje na wa pili, kwa maana wa kwanza naye anaweza kuugua au kurudi nyumbani.

Kazi ya msemaji ni nzito, na naomba ieleweke. Haamui anavyotaka yeye. Anasema kile ambacho wewe ungekisema kama ulimi wako ungefunguka. Kama hakijui, anafikiri juu ya maisha yako na imani yako, kisha anachagua lililo jema kwako.

Akina mama, hapa naomba mnisikilize zaidi. Ninyi mnaokaribia kujifungua na waume zenu hawapo: ukiwa na akili timamu, ridhaa ya kupasuliwa ni yako, na unaweza kuitoa mwenyewe. Sheria ya Watu na Familia ya Burundi ya 1993 inamtaja mume kuwa mkuu wa nyumba, lakini tumbo linalopasuliwa si la nyumba, na mtoto hawezi kungoja simu kutoka Kigoma. Mwambie mkunga mapema kwamba ikihitajika unakubali, na utaje ni nani wa kuulizwa ukipoteza fahamu. Akina baba mliopo, waungeni mkono wake zenu kwa kusema hayo mbele yao na mbele ya mkunga.

Watoto waliokuja peke yao wana walezi, na mashirika yanawajua. Hata hivyo mtoto wa miaka kumi na mitano ana akili. Aulizwe naye anaogopa nini na anamtaka nani kando ya kitanda chake.

NI MANENO GANI YA KUSEMA

Hakuna anayeweza kutaja kila ugonjwa. Semeni mambo makubwa.

Je, unataka kuambiwa ukweli wote wa ugonjwa wako, au unataka aambiwe msemaji wako? Je, ukihitaji kupelekwa hospitali ya mbali, mpaka Bujumbura, unakubali, na watoto watabaki na nani? Je, unakubali kupasuliwa, au kukatwa kiungo ikiwa ndiyo njia ya kuokoa maisha? Je, unakubali kuongezewa damu? Wengi wetu tunakubali. Wako wanaokataa kwa imani yao, na baadhi ya Mashahidi wa Yehova hutembea na kadi inayosema hivyo. Wasemaji wao wajue.

Halafu lipo swali gumu. Ikiwa waganga watasema kuwa dawa ya kuponya haipo tena, unataka kuwa wapi, na nani? Hapa naomba tuelewane. Ugonjwa usiopona bado una matibabu, maana maumivu yanatibika. Uganda, tangu 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mjini Kampala, wagonjwa wa saratani wamekuwa wakipewa mofini ya maji ya kunywa, hata nyumbani. Rwanda, jirani yetu, ilitoa sera ya taifa ya huduma hiyo mwaka 2011. Kwa hiyo msemaji asione haya kumwuliza daktari: maumivu yake mnayatulizaje? Hilo ni swali la haki.

Mwisho, taja mchungaji, padri au shehe unayemtaka, na mahali unapokubali kuzikwa. Wengi wetu tungependa kulala ng'ambo, katika udongo wa wazee wetu. Kuvusha mwili ziwani ni gharama ambayo imewaacha wajane na madeni. Ukisema mwenyewe kwamba unakubali kuzikwa hapa, umeiondolea familia mzigo na lawama.

KARATASI YENYEWE

Hamhitaji fomu ya kununua. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Kamati imeomba nisome mfano huu, na umechapwa hapa ili mnakili:

"Mimi (jina kamili), wa mtaa wa (jina la mtaa), nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, nasema hivi. Nikishindwa kusema kwa ajili ya ugonjwa, msemaji wangu mbele ya waganga ni (jina, mtaa, simu). Akikosekana, ni (jina, mtaa, simu). Matakwa yangu ni haya: kuhusu kuambiwa ukweli, kuhusu kupelekwa hospitali ya mbali, kuhusu kupasuliwa na damu, kuhusu maumivu na mahali pa kuwa kama siwezi kupona, kuhusu dini na mazishi. Watoto wangu wakati nimelazwa watakaa na (jina). Nimemweleza msemaji wangu naye amekubali. Naweza kubadili maneno haya wakati wowote."

Chini weka tarehe, saini yako au alama ya kidole gumba, saini ya msemaji, na saini za mashahidi wawili ambao si wasemaji. Shahidi mmoja awe mzee wa mtaa au kiongozi wa dini. Iandikwe nakala tatu: moja ikae ndani ya daftari lako la matibabu, moja kwa msemaji, moja nyumbani pamoja na karatasi ya familia. Upande wa pili iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu hospitalini ndiko itakakosomwa. Sisi walimu tutakaa shuleni kila Jumamosi mchana kusaidia kuandika na kutafsiri, bure, na yatakayosemwa hayatatoka nje ya darasa.

Asiyejua kusoma asione haya. Atasema, tutaandika, tutamsomea mara mbili, na shahidi atasikia. Baada ya hapo lifanyike jambo lililo kubwa kuliko karatasi: waiteni watu wa nyumbani, mwasomee wote kwa pamoja. Karatasi iliyofichwa sandukuni huleta ugomvi mpya. Iliyosomwa mbele ya mke, mdogo mtu na shemeji humaliza ugomvi kabla haujazaliwa.

KARATASI HII SI NINI

Haimfanyi msemaji kuwa mrithi wa kitu chochote. Haimpi mgao wako wala watoto wako. Haina kazi wakati wewe mwenyewe unaweza kusema, hata kwa kutikisa kichwa. Haimfungi daktari kutoa dawa ambayo hana, wala haimruhusu mtu kuomba mgonjwa auawe. Haimlazimishi msemaji kulipa. Na hapa tulipo haina nguvu ya hukumu ya mahakama. Nguvu yake ni ya ushahidi, kwamba mtu huyu alisema hivi, tarehe hii, mbele ya watu hawa. Kwa daktari anayetafuta ukweli kati ya ndugu watatu wanaobishana, ushahidi huo ni mkubwa.

MANENO KWA WANAOSEMA HAPANA

Wako wanaosema: Mungu ndiye anayeamua. Ni kweli. Lakini Mungu huyohuyo tunamwomba mvua na tunalima. Kuandika hakumwamulii Mungu, kunawaondolea wanadamu ubishi.

Wako wanaosema: kuandika ni kujiapiza. Tuliandikishwa majina Rumonge tulipoteremka, na hakuna aliyekufa kwa kuandikwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako wanaume wanaosema: mke wangu akimtaja mtu mwingine amenidharau. Ndugu yangu, muulize kwa nini. Huenda ni kwa sababu wewe unaondoka siku nyingi kutafuta kibarua, naye anahofia zile siku ambazo hupo.

OMBI KWA WAFANYAKAZI WA MASHIRIKA

Waheshimiwa, tunawashukuru kwa kazi mnayoifanya kwa uchache wa dawa na wingi wa watu. Tuna maombi manne.

La kwanza, mgonjwa anapofunguliwa daftari la matibabu, aulizwe jina la msemaji wake, na jina liandikwe ukurasa wa kwanza. Ni mstari mmoja tu.

La pili, mtu anayetafsiri asigeuzwe kuwa ndugu. Mimi mwenyewe nimepewa kalamu nisaini kwa ajili ya mtu ambaye nilimjua kwa jina la mtaa tu. Mtafsiri apeleke maneno, asipewe maamuzi.

La tatu, mgonjwa anapohamishiwa mbali, msemaji wake apewe nafasi ndani ya gari kabla ya mtu mwingine, na karatasi isafiri naye.

La nne, mkimbizi akikataa tiba, aulizwe sababu kwa lugha yake kabla hajaandikwa kuwa mkaidi. Mara nyingi anaogopa gharama, au anawaza watoto aliowaacha peke yao.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, vita vilituchagulia mambo mengi. Vilituchagulia siku ya kuondoka, boti ya kupanda na ufukwe wa kuteremkia. Hatukuulizwa. Limebaki jambo hili ambalo hakuna anayeweza kutuzuia kuliamua: ni nani atakayetushika mkono na kusema kwa niaba yetu. Tusiliache nalo liamuliwe na bahati.

Leo jioni, mkishakula, kila mmoja amtaje mtu mmoja tu moyoni mwake. Kesho aende akamwulize kama anakubali. Jumamosi njooni nyote wawili shuleni. Daftari na kalamu zitakuwapo.